Kaseti yako ya Donkey Kong ni nzima

Sheikh wangu, usirudi Darajani kugombana na muuzaji. Unasema kaseti yako ya Donkey Kong, ile gemu ya sokwe anayerusha mapipa, inaruka hatua moja, ile ya mikanda inayotembea uliyoiona kwenye video. Haina ubovu. Mashine ya asili ya mwaka 1981, ile ya kabati ya kutia sarafu, ina hatua nne. Nintendo walipoitoa mwaka 1983 kwa Famicom, mtambo wao wa kuchezea gemu kwenye TV, hiyo ya mikanda waliiacha, na mtambo wako wa kuigiza Famicom unacheza toleo hilohilo. Toleo la ColecoVision, mtambo mwingine wa gemu wa zama hizo, nalo lina hatua tatu. La mtambo wa Atari 2600 lina mbili tu, na sokwe wake ukimtazama utadhani kipande cha mkate wa ajemi! Zote nne zimo katika toleo la kompyuta za Atari la 1983, lakini kulipata hapa Unguja ni kazi.

Mie ningebaki na hii yako. Muziki na namna ya kuruka mapipa vimekaribia sana mashine yenyewe. Utakachokosa zaidi ni urefu: kioo cha mashine kilisimama wima, TV zetu zimelala.

Ila acha kuipulizia kaseti kwa mdomo. Mate na hewa yetu ya chumvi hula zile shaba za mdomoni mwa kaseti. Kijiti cha pamba, spiriti kidogo, ikauke ndipo uchomeke.