Nyota mbili zilizoharibu hesabu ya dagaa: kuandika kwa Notepad

Wadogo zangu mnaoanza kazi za steshonari hapa Kigoma, hili nawaambia kwa sababu limenikuta. Pale Mwanga tuna kompyuta moja ya zamani haina Word, tunachapia kwenye Notepad, na faili la txt halitunzi boldi wala italiki wala saizi ya herufi, linatunza maandishi tu basi. Kwahiyo tunaandika kwa Markdown, ile aliyoitoa John Gruber mwaka 2004, yani alama unaziweka humohumo kwenye maandishi halafu programu inaitwa Pandoc inakugeuzia kuwa faili la Word, mteja anaondoka nalo kwenye flashi.

Kichwa cha habari unaanza na alama ya reli # kisha spesi, hiyo spesi usiiruke. Boldi ni nyota mbili kila upande, **Ajenda**. Hapa ndo wengi mnakosea maana mmezoea WhatsApp, kule nyota moja ni boldi, huku nyota moja inalaza herufi.

Sasa sikilizeni. Kikundi cha akina mama wanaoanika dagaa Kibirizi waliniletea muhtasari wa kikao, wanachama 12, kila mmoja 5000 kwa wiki, wiki 4, nikaandika 12\*5000\*4 lakini bila hiyo mikwaju \ mnayoiona hapa. Pandoc ikaona nyota mbili zimeizunguka 5000, ikazifuta, ikailaza hiyo 5000, kwenye karatasi ikatoka 1250004! Milioni na ushee wakati pesa halisi ni 240,000. Mweka hazina alinipigia kikao kinaendelea, watu wanamuuliza milioni iko wapi, na yule mama wa watu hajagusa hata mia. Nilifunga duka nikapeleka karatasi mpya mwenyewe na kuwaelezea mbele ya wote. Kwahiyo kwenye hesabu weka mkwaju \ kabla ya kila nyota, au andika x tu, mimi siku hizi naandika x.

Kingine ni enta. Ukibonyeza enta mara moja ile mistari inaungana kuwa aya moja, lazima uache mstari mtupu katikati, na kabla ya orodha pia uache mstari mtupu, la sivyo ajenda zako sita zinatoka zimebanana kama abiria wa daladala la Ujiji, vistari vyake vikiwa katikati ya sentensi.

Na mteja akikutumia maneno kwa WhatsApp ukayapesti, wakati wa kusevu chagua UTF-8, yani namna ya kutunza herufi ambayo Pandoc inaisoma, maana Notepad za zamani zinakuwekea namna nyingine, ANSI, zenyewe, basi kile kikoma cha juu kilichopinda kwenye Ng’ambo kinaweza kukuletea shida. Halafu fungua faili la Word kwenye simu yako usome tarakimu zote moja moja kabla hujampa mtu flashi yake.