Barua kwa mwanangu: kilichonirudisha jeshini

Mwanangu Neema,

Ujumbe wako nimeupata. Kwenye fomu ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, mahali alipozaliwa mama andika Masaka, Uganda. Usihofu, karatasi zake za uraia anazo. Swali la pili ndilo lililonikalisha kitako: ikiwa nilitoka vitani mzima mwaka 1979, jeshini nilirudi kufuata nini?

Si uzalendo. Huo niliutumia Novemba 1978, Mwalimu Nyerere aliposema sababu ya kumpiga Amin tunayo, nasi mgambo tukapakiwa kwenye malori kwenda Kagera, alikokuwa ametuvamia. Kampala ilipoanguka Aprili 1979 nilitamani shamba langu tu. Nikaruhusiwa, nikarudi Iramba, lakini roho ilikuwa Masaka kwa binti mmoja. Vikosi vyetu vingine vilikuwa bado Uganda, na raia kuvuka mpaka pale Mutukula ilikuwa kazi. Mwenye gwanda alipita. Nikasaini.

Babu yako wa Masaka hakunipokea kwa vigelegele. Februari 1979 mizinga yetu iliubomoa mji ule, kulipiza kisasi cha Kagera, na duka lake lilikuwa humo humo. "Mmetukomboa, sawa," aliniambia, "bati zangu atalipa nani?" Sikuwa na jibu, na hadi leo sina. Aliyenivusha ni ssenga, shangazi wa mama yako upande wa baba, maana kwa Waganda huyo ndiye mwenye kauli kwenye ndoa. Siku ya kwanjula, sherehe ya kutambulishwa ukweni, ikabidi nivae kanzu, mimi Mnyiramba tena Mlutheri! Nikaazima kwa koplo mmoja wa Tanga, mfupi kuliko mimi. Ikaniishia chini kidogo ya magoti. Ukumbi mzima ulicheka, na nadhani hapo ndipo mzee alipolainika.

Mwaka 1981 majeshi yetu yalipoondoka, tulirudi wote: Kyaka, Bukoba, kisha meli hadi Mwanza. Mama yako alifika Iramba wakati sukari na sabuni ni za foleni, matoke hakuna, ugali wa mtama asubuhi na jioni. Bibi yako, Mungu amrehemu, alimwita "mke wa vita" kwa miaka. Hakujibizana naye. Alilima, akanunua cherehani, akashonea watu nguo. Ada yako ya sekondari ilitoka hapo, wala si kwenye mshahara wangu.

Alivumiliaje? Muulize mwenyewe. Mimi niliwahi kumuuliza, akanijibu kwa Kiganda cha haraka, makusudi, nisielewe.

Baba yako