D'Artagnan alikuwepo kweli

Kwa wanaouliza kama d'Artagnan, yule askari shujaa wa riwaya ya The Three Musketeers, alikuwa mtu halisi: alikuwepo kabisa, sio wa kutungwa. Jina lake Charles de Batz de Castelmore, mtu wa Gascony kusini magharibi mwa Ufaransa, na alikufa vitani Maastricht mwaka 1673. Alexandre Dumas, mwandishi Mfaransa, alipoandika riwaya hiyo, kwa Kifaransa Les Trois Mousquetaires (1844), alimtoa kwenye kitabu cha mwandishi Courtilz de Sandras cha mwaka 1700, kile kilichojifanya ni kumbukumbu za d'Artagnan mwenyewe, na anakitaja kabisa kwenye ile dibaji ambayo watu wengi wanairuka, msiiruke jamani. Hata Athos, Porthos na Aramis, rafiki zake watatu kwenye riwaya, majina yao yametokana na watu halisi.

Ila miaka ndo Dumas kachezea. Hadithi inaanza 1625 afu inaenda mpaka kuzingirwa kwa mji wa La Rochelle 1627 na 1628, wakati huo d'Artagnan wa kweli alikuwa bado kijana mdogo tu, kazi zake kubwa alizifanya chini ya waziri mkuu Mazarin na mfalme Louis XIV, sio enzi za Richelieu, waziri aliyemtangulia Mazarin. Na kama unachopenda ni fitina za ikulu basi soma habari za mwaka 1661, mfalme alimtuma yeye ndo akamkamate Nicolas Fouquet, msimamizi mkuu wa fedha, akakaa anamlinda kipindi chote cha kesi mpaka akamfikisha mwenyewe gereza la Pignerol mwanzoni mwa 1665, yani hiyo ni tamu kama riwaya na ilitokea kweli.