Bwana Shamba Anajibu: Gome limejirudi, mizizi hamna

SWALI: Shikamoo Bwana Shamba. Mi niko Kisasa hapa Dodoma, huwa naangalia video za Wajapani wanavyopata bonsai, vile vimiti vifupi vya kwenye chungu, za mepo (mti wa maple), wanachuna gome la tawi wanafunga na nailoni afu mizizi inatokea hukohuko juu ya mti. Mepo sina, nikajaribu kwenye bogenvilia ya getini, tawi nene kama kidole gumba, juzi nafungua nakuta gome limejirudi kama sikuligusa. Nimekosea wapi? Na mbegu za mepo nikiagiza zitakubali huku? – Msomaji, Kisasa

JIBU: Marahaba binti yangu. La mepo ni fupi, achana nayo. Mepo ya Japani inataka baridi ya kweli, ipukutishe majani ilale miezi kadhaa, na kibaridi chetu cha Julai pamoja na upepo wake wote hakifiki huko. Hela ya mbegu nunua chungu kizuri.

Sasa bogenvilia. Gome umelitoa ila umeacha ule utelezi. Chini ya gome kuna kiutando chembamba ukikigusa kinateleza, hicho ndo kinatengeneza gome jipya, kikibaki hata kama uzi tu kutoka juu kwenda chini basi mti unajiunga na shughuli imeishia hapo. Maji yanapanda kwa ndani kwenye mbao ndo maana tawi halikauki, ila chakula cha majani kinashuka kwenye gome, kikikuta pete uliyochuna kinakwama, na mizizi inatokea palepale kwenye ukingo wa juu. Kisipokwama mizizi ya nini?

Kwa hiyo pete iwe pana mara moja na nusu hadi mbili ya unene wa tawi, la kwako sentimita 3 au 4, afu kwangua na mgongo wa kisu mpaka mbao iwe nyeupe haitelezi kabisa, usiione huruma. Homoni ya mizizi ukiipata duka la pembejeo paka ukingo wa juu. Loweka makumbi ya nazi, yakamue mpaka yasidondoshe maji, zungushia donge kama ngumi, funga na nailoni ya kufunikia madaftari (rambo zilishapigwa marufuku 2019 usihangaike nazo), kaza juu na chini, kisha vika foili ya jikoni maana mizizi haitaki mwanga na jua la huku la saa 8 mchana litaipika. Makumbi yakianza kukauka ongeza maji na bomba la sindano.

Fanya Desemba mvua zikishika, kiangazi utagombana na ukavu tu. Na chagua tawi lililojikunja vizuri, sio lililonyooka kama fito, kwa sababu hilo ndo litakuwa shina la bonsai yako na hapo ndo raha ya njia hii ilipo, unapata shina nene bila kusubiri miaka.

Miezi miwili mitatu chungulia, mizizi ikiwa mingi na imeanza kuwa ya kahawia kata chini ya donge na msumeno. Ya bogenvilia inakatika ovyo, kwa hiyo makumbi usiyatoe, panda nayo hivohivo, punguza majani, weka kivulini na ulifunge shina kwenye chungu upepo usilitikise.

Lile tawi la getini usilichune palepale, sogea juu kidogo kwenye gome zima.