Kuhesabu mikunga (samaki warefu kama nyoka) wa Mto Sabaki, Kenya: kwa wanaoanza kazi

Kabla ya kugusa dema (mtego wa samaki), pata kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na ruhusa ya idara ya uvuvi, kisha ukae na wavuvi wa BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo) iliyo karibu. Wao ndio wanaojua viboko hupandia wapi na mamba hujianika wapi. Juya (wavu wa kukokota) lisitumike: limepigwa marufuku nchini tangu 2001.

Mkunga wa mto hutoka usiku. Tega kabla ya magharibi, chambo kiwe vipande vya samaki wabichi, uopoe baada ya alfajiri. Sehemu ya juu ya dema ibaki nje ya maji, la sivyo kenge au kasa akiingia atakufa. Karibu na mlango wa mto, tazama bamvua: dema lililozama jioni huweza kukutwa limekauka maji yakipwa, na usiku huo hauhesabiki.

Kosa kubwa la wageni ni kuandika samaki tu. Madema 10 kwa usiku 3 ni mitego 30 ya usiku mmoja mmoja. Ukipata mikunga 6, kipimo chako ni 0.2 kwa dema kwa usiku. Madema matupu yaandikwe pia. Bila hayo, mikunga 6 wa mwaka huu na 6 wa mwaka ujao hawalinganishiki hata kidogo.

Kutambua aina, angalia pezi la mgongoni. Kwa Anguilla bicolor huanza karibu juu ya tundu la haja. Kwa wengine huanza mbele zaidi. Kwa hao wengine, mkunga wa sm 50 atakuwa na pengo la zaidi ya sm 4 kati ya mwanzo wa pezi na tundu hilo. Kisha rangi: A. mossambica hana madoa, A. marmorata na A. bengalensis wana mabaka. A. bicolor na A. mossambica, IUCN (shirika la kimataifa la uhifadhi) imewaweka karibu na hatari ya kutoweka, kwa hiyo kuwachanganya kunaharibu takwimu zote.

Ukitumia mafuta ya karafuu kuwalegeza, yachanganye kwanza na spiriti, 1 kwa 9, kwa kuwa peke yake hayachanganyiki vizuri na maji. Mrudishe mkunga kwenye maji safi mpaka aogelee bila kupinduka. Aliyelegezwa haliwi, msimpe mtu.

Oksijeni pimeni kabla ya jua kuchomoza, inapokuwa chini kabisa. Kipimo cha adhuhuri hudanganya. Pimeni pia chumvi, kina na uangavu wa maji. Mafuriko ya masika huleta udongo mwingi kutoka mashamba ya Ukambani, nao hujaza mashimo ya kingo na kufunika mizizi ambamo mkunga hujificha mchana. Kwa hiyo chora ramani ya mashimo, mizizi na vidimbwi vinavyobaki kiangazi, na sehemu zinazochimbwa mchanga.

Mkunga huzaliwa baharini, akaingia mtoni akiwa mdogo na mwangavu kama kioo. Ukuta wenye unyevu huweza kuupanda, ukuta mkavu humzuia. Kila kizuizi mtoni kikaguliwe usiku, mto ukiwa mdogo na ukiwa umejaa, kabla ya kuandika kwamba juu yake hakuna mikunga.