Shangazi, nilimwahidi Mungu shamba ili mwanangu apone

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa miaka 32, Mlutheri, naishi Njombe. Mwaka juzi mwanangu alilazwa kwa nimonia, akawekewa oksijeni. Mtoto wa kitanda cha jirani alifariki usiku uleule. Nilipiga magoti nikamwambia Mungu: mponye huyu wangu, nami nakupa shamba lote aliloniachia baba. Mtoto akapona. Shamba sijalitoa, kwa sababu lina miparachichi ambayo mama yangu anaishi kwayo. Sasa kila baridi ikiingia mtoto anakohoa, na kiongozi wetu wa maombi ameniambia kwamba Mungu anadai chake. Nisipolipa atamchukua mtoto. Silali. Nifanye nini?*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na kikohozi, maana hicho hakisubiri. Mtoto aliyewahi kuugua nimonia akikohoa hupelekwa kituo cha afya. Mwezi wa sita na wa saba Njombe ni baridi kali, na watoto wengi huko hukohoa bila mama zao kuwa na deni lolote kwa Mungu. Lakini ukiona anahema harakaharaka, au kifua kinabonyea ndani kila anapovuta pumzi, usingoje kukuche. Omba mkiwa njiani.

Sasa maneno ya huyo kiongozi. Nimeyasoma mara kadhaa na kila mara yameniuma. Mungu hakumshika mwanao rehani. Mtu anayemwambia mama kwamba Baba wa mbinguni ataua mtoto kwa ajili ya miparachichi hajui anamsema nani. Usirudi kwake na jambo hili.

Kuhusu sala yako ya usiku ule, usiione aibu. Ibrahimu alisimama mbele za Mungu akiiombea Sodoma, akashuka kutoka watu 50 hadi 10, na Mungu hakumkaripia hata mara moja. Ila angalia alichokishika Ibrahimu. Hakuweka mezani ng'ombe wala hema. Alishika tabia ya Mungu mwenyewe: Mwamuzi wa ulimwengu wote hatatenda haki? Yakobo ndiye aliyefanana na wewe. Kule Betheli aliweka nadhiri yenye masharti: Mungu akiwa pamoja nami, akinilinda, akinipa chakula na nguo, nikarudi salama, basi nitamtolea sehemu ya kumi. Wengi wetu tunaisoma nadhiri hiyo na kuruka mistari iliyotangulia. Usiku huohuo, kabla Yakobo hajafungua kinywa, Mungu alikuwa ameshamwambia katika ndoto: nipo pamoja nawe, nitakulinda kila uendako, nitakurudisha. Bila sharti. Yakobo aliamka akajaribu kununua alichokwisha kupewa.

Kisha nifikirie nawe yule mama wa kitanda cha jirani. Umemtaja kwa sentensi moja, lakini nadhani yeye pia yumo katika kukosa usingizi kwako. Je, hakuomba? Je, alikuwa na shamba dogo kuliko lako, au hakuwa nalo kabisa, ndiyo maana wake akachukuliwa? Ukiamini kwamba shamba ndilo lililomponya mwanao, huna budi kuamini na hilo jingine, na mimi sitaliamini kamwe. Kwa nini mmoja alipona na mwingine akafariki, sina jibu la kukupa, na yeyote atakayekupa jibu jepesi mwogope. Ninachokijua ni kwamba uhai wa watoto haupigwi mnada wodini. Katika Zaburi ya 50 Mungu anasema kama angekuwa na njaa asingetuambia, maana ulimwengu ni wake na vyote viujazavyo. Shamba lako lilikuwa lake hata kabla baba yako hajalilima.

Utaniuliza: na nadhiri je? Kitabu cha Mhubiri kinasema wazi, ni heri usiweke nadhiri kuliko kuiweka usiiondoe. Sitakuambia maneno uliyoyasema mbele za Mungu ni upepo. Yule mwanamke tasa, Hana, aliahidi kumtoa mwana kwa Mungu, akapewa Samweli, akampeleka hekaluni kama alivyosema. Lakini Yeftha, mwamuzi wa Israeli, naye aliahidi, na nadhiri yake ikamwangukia binti yake asiye na kosa. Kwa hiyo swali si kama uliahidi tu. Swali ni nani atakayeilipa ahadi hiyo. Na hapa, mwanangu, atakayeilipa ni mama yako.

Jambo hili Yesu alilizungumza mwenyewe. Soma Marko sura ya 7. Palikuwa na watu waliotangaza mali yao kuwa Korbani, yaani imetolewa kwa Mungu, kisha wazazi wao wakakosa msaada kutoka katika mali hiyo. Yesu hakuwasifia uchaji wao. Aliwaambia wanalitangua neno la Mungu, lile la waheshimu baba yako na mama yako. Siwezi kusoma maneno hayo kisha nikakuambia umnyang'anye bibi mzee chakula chake ukakiite sadaka.

Hata Torati, tunayoiona ngumu, iliacha mlango. Katika Walawi 27, mtu aliyeweka wakfu shamba lake aliweza kulikomboa kwa kuongeza sehemu ya tano ya thamani yake, na maskini aliyemwekea Mungu nadhiri ya mtu, yaani kulipa fedha za thamani ya mtu huyo, akashindwa kufikia kiasi kilichowekwa, kuhani alimkadiria upya kulingana na uwezo wake. Hatuishi chini ya makadirio hayo, ila yanaonyesha Mungu alijua watu wakiwa na hofu huahidi kuliko walichonacho. Luther, ambaye jina lake kanisa lenu linalibeba, alijua habari hii kwa mwili wake. Mwaka 1505 alikutwa na radi karibu na Stotternheim, Ujerumani, akalia kwa hofu kwamba atakuwa mtawa, na akawa. Mwaka 1521 alimwandikia baba yake kwamba nadhiri ile ilitoka katika kitisho cha kifo. Mwaka 1525 alioa.

Basi nenda kwa mchungaji wa usharika wako, faragha, siyo mbele ya kundi la maombi. Mweleze yote, na yule mtoto mwingine pia. Mwombe asali pamoja nawe, umwambie Mungu waziwazi: niliahidi kwa hofu kitu kinachomlisha mama yangu, nisamehe, pokea shukrani yangu badala yake. Usisaini karatasi yoyote ya shamba, yeyote atakayekuletea. Na mama yako mwambie, maana amekaa miaka miwili juu ya ahadi asiyoijua.

Shukrani yenyewe usiiache. Zungumza na mama mkubaliane mti mmoja, au gunia moja la viazi kila mavuno, lipelekwe kanisani Jumapili ya sadaka ya mavuno na liuzwe pale nje baada ya ibada kama mnavyofanya siku zote. Nenda na mtoto, abebe hata parachichi mbili. Akikuuliza ni za nini, mwambie ni za kushukuru kwa sababu alipona. Habari ya kwamba aliwahi kubadilishwa na shamba asiisikie kwako, wala kwa mtu mwingine.