Je, nikaze sauti ya kiume kwenye usaili wa Brutus?
Dada, umeuliza kama ufanye sauti iwe nzito ya kiume unapojaribiwa nafasi ya Brutus, mmoja wa wanaomuua Caesar, kwenye Julius Caesar, tamthilia ya Shakespeare, itakayoigizwa na wanawake pekee. Usifanye hivyo! Sauti ya kulazimisha hukaba koo, na mwongozaji hasikii tena mawazo ya mhusika. Mwigizaji wa Uingereza Harriet Walter alimwigiza Brutus huyohuyo London mwaka 2012, waigizaji wote wakiwa wanawake, na hadithi ikawekwa gerezani. Kwenye usaili, mimi ningechagua maneno ya Brutus akiwa peke yake bustanini, anapojishawishi kwamba Caesar lazima afe. Hana kinyongo naye; anaogopa atakavyogeuka akishavikwa taji. Tafuta kila mahali wazo linapopinda, uvute pumzi hapo. Ukiambiwa urudie kwa namna nyingine, badilisha kweli, maana wanapima kama unaelekezeka.